Mfalme Aliyekufa Mapema

Kariobangi,
19 Mei 2025

Musab,

Joho lako hili hapa. Nimelishona upya kwapani, halafu nikalitilia mfuko wa ndani upande wa kushoto, na barua umeikuta humo. Nimesikia Bwana Gitonga, mkuu wa kundi lenu la maigizo, amewanyang'anya simu mpaka ziara iishe, ati mfalme wa kweli hana simu. Sawa. Kwa kuwa mimi ndiye fundi wa mavazi yenu, joho likija kushonwa lije na barua, na likirudi litarudi na jibu. Tutaandikiana kama bibi na babu zetu.

Habari za nyumbani kwanza. Jumamosi tulijaza ukumbi mpaka watu wakasimama nje wakichungulia madirishani. Nikauliza kama kawaida, "Leo ufalme wetu una msiba gani?" Kijana mmoja wa gereji akapaza sauti, "Tokeni ya stima imeisha!" Nikajitanda lile pazia la maua nililotoa soko la mitumba la Gikomba, nikapanda kitini, nikalia kama malkia wa zile tamthilia za kishairi tulizosomeshwa shuleni tukisinzia:

Giza limeniingia, ewe mume uko wapi?
Tokeni imeishia, mishumaa ni mifupi.
Unga umenibakia, na kuusonga ni vipi?

Unajua wanavyotupigia makofi, kofi moja kwa kila mizani, manane kisha manane. Walinifuata mpaka mwisho, sikuwaachia hata ufa. Ndipo Wanyoike akanijibu. Yeye ndiye mfalme wetu sasa, kwa kuwa wewe umetuhama. Akasema, kwa sauti nzito kabisa, "Mke wangu nakupenda, nimetuma pesa kwa simu." Makofi yakazidi moja. Ukumbi mzima ukapiga kelele, "Dedi! Dedi!" Na sheria yetu unaijua, anayevunja mizani ni dedi, anakufa hapo hapo. Wanyoike akaenda chini chali, mikono huku na huku, miguu juu. Huyo ni mfalme wa nne tangu uondoke. Kila Jumamosi ninazika mume.

Sasa nikuulize bila mzaha. Uliondoka kwa nini? Miaka mitatu tumepanda jukwaani mimi na wewe bila kujua neno litakalofuata, na hatukuwahi kukwama. Halafu ukaenda kuvaa taji kwenye mchezo ambao hata kikohozi kimeandikwa. Mimi ninataka urudi. Sina haja ya kuzunguka mbuyu.

Malkia wako mjane,
Waringa

*

Kitui,
28 Mei 2025

Kwako Waringa,

Joho limefika, barua nimeiona, na nimecheka peke yangu bwenini mpaka wenzangu wakaniuliza kama ni mzima. Umeuliza kwa nini niliondoka. Nitakujibu, kwa sababu wewe usipojibiwa huachi.

Ni mama. Unamjua Bi. Rufaida. Kutoka Shauri Moyo hadi kwenu si safari, lakini kwa miaka yote hiyo hajaja kunitazama hata siku moja. Majirani wakimuuliza kazi yangu anasema mimi ni karani. Siku niliyomwomba aje, alikuwa akichambua mchele, na hakuinua macho. Alisema, "Mimi siendi kuangalia ushairi ukichekwa." Basi.

Nilipopewa nafasi ya Mfalme Shungu, mchezo wa Bwana Gitonga mwenyewe, mashairi matupu kuanzia pazia linapofunguka hadi linapofungwa, nilimwambia tutaucheza Nairobi tarehe tano Julai, ukumbi wa shule moja ya Buruburu. Akaniuliza, "Huyo mfalme anafanya nini?" Nikamwambia anatawala, anasalitiwa na nduguye, mwisho anachomwa kisu na kufa. Akafikiri kidogo, akasema, "Nitakuja." Waringa, sijui kama unaelewa neno hilo lilinifanya nini. Ninataka mama yangu anione nikiwa mfalme mpaka mwisho, nife pale ninapotakiwa kufa, na watu wanyamaze. Sitaki kingine chochote mwaka huu.

Ndiyo maana nakuomba jambo. Ile video yetu ya mfalme na mwenye nyumba aliyefunga maji imefika kila shule tunayokwenda. Nikijitokeza tu na taji kichwani, wanafunzi wanachekeana na kuanza kuandaa viganja. Itoe, tafadhali. Na uwaambie wale mashabiki wetu waache kuisambaza.

Mambo mengine yote yanakwenda vizuri. Watu wananyamaza, nami ninakufa kwa wakati wake. Joho limefumuka kidogo begani. Litazame.

Wako,
Musab Faki

*

Kariobangi,
5 Juni 2025

Karani wangu mpendwa,

Video siitoi. Kwanza haina faida, imeshaingia kwenye simu za watu ambao hata majina yao siyajui. Pili ninaipenda. Ukiomba maji mle ndani kwa niaba ya raia wako, ukiwa na ndoo kichwani mahali pa taji, hakuna mfalme wa kitabuni anayekufikia. Ukinikasirikia, nikasirikie. Nitavumilia.

Kuhusu mama yako nimekuelewa, na nimenyamaza siku mbili kabla ya kushika kalamu, ambayo kwangu ni rekodi. Hukuwahi kuniambia. Nilidhani umechoka na sisi. Nilidhani umechoka na mimi. Kumbe. Ningejua ningekusindikiza mwenyewe mpaka kwenye gari la Bwana Gitonga.

Sasa tuje kwa joho. Umeandika limefumuka begani. Bega ni zima kama nilivyolituma. Umeandika unakufa kwa wakati wake. Mchezo wenu nimeusoma, nilipewa nakala ili nishone ipasavyo, na humo Mfalme Shungu anachomwa tumboni, anaanguka kifudifudi miguuni pa nduguye. Basi vumbi lingekuwa kifuani. Mbona kifua ni safi, na mgongo mzima umepakwa udongo mwekundu na chaki, na mshono umeachana chini kule makalio yanakogonga sakafu?

Musab, hicho si kifo cha Bwana Gitonga. Hicho ni kifo cha Kariobangi, chali, miguu juu. Nimekishona mara nyingi mno, siwezi kukikosa. Ulikufia wapi, na mbele ya nani?

Ninangoja, na sindano iko mkononi,
Waringa

*

Embu,
14 Juni 2025

Waringa,

Wewe ungefaa kuajiriwa na polisi.

Haya. Ilikuwa Kitui, shule ya wasichana, asubuhi ya siku ile ile niliyokuandikia. Mchezo unapofunguka tu, mfalme anatoka na kuwahutubia raia. Mstari wake wa kwanza, kama ulivyoandikwa, ni huu: "Ninyi watu wa mji huu, nisikilizeni leo." Uhesabu. Nusu ya pili ni nane. Nusu ya kwanza ni tisa. Nilikuwa nimeshausema shule nyingi bila shida kwa sababu hakuna aliyekuwa akipiga makofi. Wale wasichana walipiga. Walipofika la tisa wakatazamana, halafu ukumbi mzima ukaitika, "Dedi!"

Wallahi Waringa, sikufikiria. Mwili ulisikia kabla ya kichwa. Nilijikuta niko chini, chali, miguu juu, na taji linaviringika kuelekea kwa mwalimu wa zamu.

Nikalala pale. Mchezo ulikuwa haujamaliza hata dakika tano na mfalme ameshakufa. Muoki, anayecheza ndugu msaliti, akaingia na kisu chake cha kuniulia baadaye, akanikuta tayari. Alisimama pale na kisu bila kujua akifanyie nini. Akainama kama anayelia, akaninong'oneza, "Amka bana, bado hatujaanza." Wasichana wengine walikuwa wameshuka vitini, wanacheka wakiwa sakafuni. Ikabidi pazia lifungwe, tuanze upya.

Bwana Gitonga hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema nikirudia mara moja tu, Buruburu atavaa taji mtu mwingine. Nikamwambia kwa heshima kwamba dawa ni ndogo. Mfalme aseme "Enyi watu wa mjini," mizani nane, maana ni ile ile, na hakuna atakayeitika chochote. Akanijibu, "Mimi ndiye mwandishi. Hapa neno halitoki wala haliingii." Tangu hapo, kila shule, nikikaribia mstari ule jasho linanitoka chini ya joho. Hapa Embu makofi yalianza, kwa bahati nzuri kengele ya chakula ikawakata.

Ninaogopa. Nikianguka mbele ya mama, nimekwisha. Atakuwa ameona kile alichokataa kukiona, tena mahali alipoahidiwa hatakiona. Nikibadilisha neno, Bwana Gitonga atanifukuza. Nisipofanya lolote, makofi yatahesabu tisa.

Kwa hivyo nakuomba, na safari hii usinikatalie. Usije Buruburu. Asije hata mtu mmoja wa Kariobangi. Mwalimu mkuu ameahidi kuwaonya wanafunzi wake. Nikipata ukumbi usiojua mchezo wetu, nitavuka.

Musab

*

Kariobangi,
21 Juni 2025

Musab,

Nimecheka mpaka mteja aliyekuja kuchukua sare za watoto akaondoka, akarudi baadaye. Nisamehe. Taji kuelekea kwa mwalimu wa zamu! Nimemaliza sasa.

Sitakuja. Umeniomba, basi imekwisha. Tarehe tano nitakuwa hapa kwenye cherehani, na hawa wengine nimewakataza. Wanyoike alikuwa ameshanunua shati jipya kwa ajili ya siku hiyo, alilie huko.

Lakini sikiliza ninachokuambia, kwa sababu hili ninalijua kuliko Bwana Gitonga. Usikae ukiomba ukumbi mjinga. Utapata wapi ukumbi mjinga mitaani kwetu huku Eastlands? Jizoeze kutokufa. Mwambie Muoki akupigie "Dedi!" ukipiga mswaki, akupigie ukifunga viatu, akupigie ukiwa na uji mdomoni, na wewe usimame tu. Magoti yako yanahitaji kufundishwa kwamba si kila anayekuita ana haki ya kuitikiwa.

Na wakikuita kweli pale jukwaani, usisimame kama nguzo. Wajibu. Bwana Gitonga anajua kuandika, sikatai. Wewe unajua kujibu. Huko ndiko ulikotushinda sote, na mimi nikiwemo, na hii ni mara ya kwanza na ya mwisho utaisoma kwa mwandiko wangu. Ukifukuzwa kwa kuwajibu watu, utakuwa umefukuzwa ukiwa wima, mbele ya mama yako.

Joho nimelitia pamba kifuani, ili ukianguka kifudifudi usiumie mbavu. Mgongoni sikutia kitu, makusudi.

Ukumbi huku una watu wengi na ninauona mtupu. Nenda ukafe vizuri.

Waringa

*

Thika,
8 Julai 2025

Waringa,

Simu tumerudishiwa, maana ziara ilikuwa iishie Buruburu, lakini sikupigii. Nikikupigia nitapayuka. Andiko hili limekuja na basi peke yake, bila joho, na joho halitakuja tena. Nimetafuta fundi huku.

Uliahidi. Nilikuamini kama ninavyoamini kwamba nina mikono miwili.

Mwalimu mkuu alisimama kabla hatujaanza, akasema atakayepiga kofi katikati ya mchezo atatolewa nje. Walitulia tuli. Mama alikuwa mstari wa mbele, buibui lake jeusi la Idi, mkoba mapajani. Nilimwona kabla taa za jukwaani hazijanimulika machoni. Nikatoka, nikaanza mstari, polepole kama mfalme. Na makofi yakaanza. Ya mtu mmoja. Yakanifuata mizani kwa mizani mpaka kofi la tisa, kisha ikaja sauti ya mwanamke mzima, si mwanafunzi, "Dedi!"

Ni nani mwingine? Nani mwingine ukumbini mule angeweza kuhesabu namna ile bila kuteleza? Wanafunzi waliposikia mtu mzima ameanza, wakafunguka wote.

Magoti yalikunjika, sikufichi. Lakini sikuanguka. Nikasimama kwenye ile kelele, nikainua mkono, na yakatoka yenyewe:

Mwataka nife mapema, na mimi niko kitini?
Aliyenena, nasema, asimame hadharani.
Kifo changu kiko nyuma, hakijafika nyumbani;
Nitakufa kwa heshima, mkae kimya vitini.

Wakakaa. Makofi yalinifuata mistari yote minne, manane kwa manane, kisha yakakoma, na sikuyasikia tena mpaka mwisho. Nilisalitiwa kimya, nikachomwa kisu kimya, nikaanguka kifudifudi juu ya pamba yako. Nikiwa pale chini nilisikia mtu akipenga kamasi. Ningeweza kusema ilikuwa siku bora ya maisha yangu.

Lakini nilipoinuka mama hakuwepo. Aliondoka kabla sijavua joho. Nilimkuta nyumbani akikoroga chai, na yote aliyosema ni, "Joho ni zuri." Nilikaa mbele yake mpaka chai ikapoa. Amekwenda kuangalia ushairi usiochekwa, na rafiki yangu wa karibu akaja kuucheka mbele yake.

Ajabu ni kwamba Bwana Gitonga hakunifukuza. Shule zimemwita zaidi, ndiyo maana ziara imeongezwa. Ubeti wangu ameuandika kwenye mchezo, akaweka jina lake, na sasa amemtafuta mtu wa kukaa nyuma na kupiga kelele "Dedi!" kila siku. Jana yule mtu alichelewa. Nikasimama nikingoja kuuawa. Hapo nilikukumbuka, nikakasirika zaidi.

Musab

*

Kariobangi,
12 Julai 2025

Musab,

Sikuja.

Ningeweza kukutajia walioniona hapa siku ile. Sitakutajia. Wewe na mimi tumesimama juu ya meza mbovu mbele ya watu mia, bila neno lolote mdomoni, tukaaminiana. Ukihitaji shahidi leo, tulikuwa tukicheza tu.

Imeniuma. Ninaliandika neno hili hivyo hivyo lilivyo. Nimesoma ubeti wako mara nyingi na ni mzuri kuliko chochote ulichowahi kusema ukiwa nami, na sikuwepo kuusikia kwa sababu ulinikataza. Halafu unaniambia nilikuwepo.

Mwenye kiganja kile mtafute kwingine. Na huyo fundi wako wa Thika mwambie kola ya joho haipigwi pasi ya moto.

Waringa

*

Shauri Moyo,
17 Julai 2025

Mwanangu Musab,

Assalaam alaykum. Ukiona barua yangu usishtuke, hakuna mgonjwa. Ningekupigia simu, lakini kwa simu ningecheka au ningelia, na yote mawili yangekuchanganya.

Juzi uliponiambia kwamba Waringa alikuja Buruburu kukuharibia, nilinyamaza. Nilifanya vibaya kunyamaza, na usiku ule ule nilijua nimefanya vibaya. Msichana wa watu usimwonee. Waringa hakuja. Yule alikuwa mimi.

Sikukusudia. Nilikwenda pale nimekaa kwa adabu zangu, mkoba mapajani, nimejiambia nitakusikiliza kama mama anavyomsikiliza mwanawe. Ukaanza mstari, na kabla hujafika katikati nikasikia unakwenda kuzidi. Sisi zamani harusini hapa, mshairi akizidisha mizani hata moja, kina mama walimshukia kabla hajafunga mdomo. Mimi nilikuwa wa mbele katika hao. Mikono ikaanza yenyewe. Na mdomo nao, Mungu anisamehe, ukatoa lile neno lenu. Mwalimu mmoja aliyekaa kando yangu alinitazama kama nimevua buibui.

Kisha ukasimama ukasema aliyenena asimame hadharani. Uliniamuru, na mimi ni raia wako, sikusimama. Niliinama nikajifanya ninatafuta kitambaa. Naye mfalme akaniambia nikae kimya, nikakaa kimya mpaka akafa, na nilipomwona ameanguka nililia kwa sauti nikaogopa utanisikia. Ndiyo maana niliondoka. Sikutaka unikute vile. Nyumbani nilitaka kukuambia, nikatazama ile chai, nikasema joho ni zuri. Mwanangu, wewe ulikuwa mzuri. Joho lilikuwa joho tu.

Jana nimekwenda Kariobangi kwa miguu yangu. Nimemkuta Waringa kwenye cherehani, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Aliniamkia, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mkasi chini, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Nikamwomba radhi kwa niaba yako, akasema hapana, hiyo utaileta mwenyewe, kwa mizani. Halafu akachukua utepe akanipima mabega. Jumamosi ya tarehe mbili mwezi ujao mimi ninapanda pale jukwaani, mama wa mfalme. Kama Bwana Gitonga atakuruhusu, uje. Kama hatakuruhusu, uje vilevile. Sitakuachia, nakwambia mapema. Mimi sizidishi wala sipunguzi.

Liko jambo moja limebaki, na hili hata Waringa sikumwambia. Video zenu zote nimeziangalia. Zote, tangu ile ya kwanza uliyovaa shuka langu ukadhani nitaamini limeibwa kambani. Lakini nyumba zetu hizi unazijua, mimi na Mama Fowsiya ukuta ni mmoja, na mimi nilishamwambia yeye na mtaa wote kwamba wewe ni karani. Basi nilikuwa nikizima sauti. Miaka mitatu nimekutazama ukifumbua mdomo bila kukusikia, ninahesabu kwa midomo yako, lile neno lenu nikilisoma kwenye midomo ya watu, kanga nimeiuma nisicheke. Pale Buruburu ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia sauti ya mwanangu ikisema shairi. Nilikuwa sijui kwamba una sauti ile.

Leo asubuhi nimemgongea Mama Fowsiya. Nimemwambia mwanangu si karani, mwanangu ni mfalme, anachekesha watu huko Kariobangi. Nikamketisha hapa kitandani kwangu, nikaacha mlango wazi, nikafungua sauti mpaka mwisho.

Mama yako,
Rufaida